Watu wa Ndani ya Kompyuta ya Baba

Sogeeni, sogeeni jamani, moto huu haung'ati. Kamwene! Mbona mnaitikia kinyonge hivyo, au mmeanza kuogopa hata sijaanza? Wewe uliyekaa mlangoni, vuta hilo pazia, ukungu unaingia bila hodi.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nililisoma kwa vipande vipande, mpaka mwalimu akiniona siku moja moja ananipa mkono kama mgeni. Kwa hiyo nikitaja vitu vya kompyuta msinibishie, nataja nilichokiona kwa macho haya. Chumvi nitaongeza, sikatai, na chumvi yangu mnaijua, haijifichi. Lakini nikifika pale nitakapowaambia nywele zilinisimama, hapo sijaongeza hata chembe.

Baba yangu alikuwa mpiga chapa katika shirika moja la umma huku kwetu Njombe, kabla mashirika hayajaanza kuuzwa kama karanga. Bosi anasema, baba anachapa, na hakuna neno linalodondoka. Alikuwa na msemo wake: "Mimi nachapa kilichosemwa. Kusafisha ni kazi ya baadaye." Wanasema siku moja bosi alipiga chafya katikati ya barua ya kwenda wizarani, baba akachapa na chafya, wizara ikajibu kumtakia bosi afya njema. Hiyo ni chumvi. Ila kwamba alikuwa haachi neno, hiyo ni kweli, na mtaiona mbele.

Basi shirika likauzwa. Wenye mali wapya wakaja na kompyuta zao mpya na vijana wao wapya, wazee wakapunguzwa. Baba akarudi nyumbani kwetu Mahongole, hapa Makambako, na barua ya shukrani, na ile kompyuta yake ya zamani ambayo wapya walitaka kuitupa shimoni. Akaibeba yote: kioo, kasha lake la chini, na printa inayolia kama cherehani yenye njaa. Ilikuwa nzito, nadhani waliitengeneza kwa mabaki ya reli. Ukiiwasha asubuhi inaanza kuamka saa nne, inapiga miayo, inajinyoosha, saa tano ndiyo inakuuliza unataka nini.

Na baba akapata nayo kazi. Mnajua misiba yetu ya huku. Kabla jeneza halijashuka, unasomwa wasifu wa marehemu: kazaliwa wapi, kabatizwa lini, kafanya kazi gani, kaacha watoto wangapi. Halafu watoto wanaitwa mmoja mmoja kwenda kuweka shada kufuata ule wasifu. Usiposomwa, huitwi. Usipoitwa, kesho yake hata kuku wa pale nyumbani hawakujui. Ndiyo maana watu walikuwa wanagombana mpaka mapanga yanatoka, huyu anasema watoto wanne, yule anasema watano, na mwenye jibu amelala kwenye sanduku hasemi.

Baba akaweka utaratibu. Wazee wakawa wanakuja kwake wangali hai. Mzee anakaa kwenye kiti, anasema maisha yake, baba anachapa hivyo hivyo anavyosema, na kikohozi ndani. Hasafishi. Kusafisha, yaani kuondoa vikohozi na utani, na kumwita mtu marehemu, hiyo anangoja mpaka siku yenyewe. "Ukimsafisha mtu angali anapumua," anasema baba, "umemwita kaburini." Na watu wakamwamini kabisa. Mzee akishamaliza kusema anauliza kwa wasiwasi, "Hujanisafisha lakini?" Baba anamjibu, "Uko na uchafu wako wote, nenda salama."

Kwa hiyo mle ndani ya kasha kulikuwa na watu. Nusu wanatembea sokoni, nusu wako makaburini, na wote maneno yao yamekaa mle pamoja. Kulikuwa na bibi mmoja jirani, kila akipita kwenye dirisha letu anainamisha kichwa na kusema kamwene. Anasalimia mashine. Siku moja mama akamwambia, "Bibi, hakuna mtu humo." Bibi akamwambia, "Wewe humuoni, mimi nilisoma naye kipaimara."

Sasa kilichokuwa kinanitia baridi mimi si hicho. Ni saa. Kompyuta hiyo ilikuwa na saa na tarehe yake ndani. Kila ukiizima, ukija kuiwasha inarudi nyuma, inasema ni mwaka fulani ambao mimi nilikuwa bado natambaa nakula udongo. Baba anairekebisha, ukizima tena, inarudi kule kule. "Ni betri imekufa," anasema baba. Haya, betri. Lakini mimi nilipiga hesabu zangu za darasa la tatu. Mwaka ule iliokuwa inaurudia, wazee wale wote walikuwa hai! Nikawa nikipita pale ukumbini mchana, niko peke yangu, feni inavuma hhhhh kama mtu anayelala, najisemea: hawa humu ndani hakuna aliyewaambia. Wamekaa wanangoja chai.

Ikaja baridi ya mwezi wa sita. Mnaijua. Baridi ambayo ukitema mate yanadondoka kama shilingi. Mashine ikagoma kuamka. Baba anabonyeza, kimya. Mama akaiangalia, akasema, "Hii imeshikwa na baridi." Akaleta jiko la mkaa akaliweka chini ya meza, akachukua blanketi lake zuri la mistari akalifunika kasha lote mpaka shingoni. Baada ya nusu saa tukabonyeza, ikaamka! Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Asubuhi mama anawasha majiko mawili, moja la uji, moja la kompyuta. Jioni anaifunika. Mgeni akija anauliza, "Nani anaumwa?"

Mimi wakati huo nilikuwa dalali wa viazi pale stendi. Nilishamuahidi baba miaka miwili kwamba nitambadilishia mashine. Kila mavuno namwambia safari hii, kila mavuno viazi vinaniambia safari ijayo.

Sasa sikilizeni, tumefika.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Kitandililo, mrefu, akiingia mlangoni anakunja shingo kama twiga anayekunywa maji. Alikuja kwa baba wakati wa jua kali, mwezi wa kumi na moja, mimi niko pale mlangoni naziba pancha ya baiskeli. Akakaa, akasema maneno yake saa nzima, akanywa vikombe vitatu vya chai. Huyo mzee chai ilikuwa ndiyo mafuta yake, bila chai hamalizi sentensi. Alipomaliza akamshika baba mkono.

"Mwenzangu, yote niliyosema yasomwe."

"Yatasomwa," baba akasema.

"Usipoyasoma nitakuja kuyachukua mwenyewe." Akacheka. Baba akacheka. Mimi sikucheka, nilijibamiza kidole na nyundo.

Maana mji mzima ulijua kilichomo. Huyo mzee alikuwa na mke na watoto sita Kitandililo. Lakini ujanani alifanya kazi ya ng'ombe kule juu Kitulo, na huko akapata binti. Binti alikua kwa mama yake, baadaye akashuka hapa Makambako kuuza nguo za mitumba. Mzee anamtembelea, anakaa kwenye genge lake, anakunywa chai. Nyumbani kwake hatajwi. Mkewe, bibi mmoja mfupi mwenye mdomo uliofungwa kama mfuko wa sukari, akiulizwa, jibu lake ni moja tu: "Watoto ni sita." Basi, anaendelea kupepeta.

Mwezi wa sita, asubuhi, ukungu mzito, ule wa kukata vipande ukapanga kwenye kikapu. Jirani akagonga: mzee wa Kitandililo ametangulia, mazishi kesho. Mama akaleta jiko, mashine ikapashwa moto, ikaamka. Baba akayatafuta maneno ya mzee, akaweka karatasi kwenye printa. Kwake utaratibu ni huo: kwanza anatoa ile ya uchafu wote, anaisafisha kwa penseli, halafu anachapa safi. Akaamuru ichape. Printa ikavuta karatasi, ikalia krii mara moja, na pale pale kasha likasema *tih*. Moshi mwembamba ukapanda kutoka kwenye blanketi, kama pumzi ya mtu kwenye baridi. Kioo kikawa cheusi. Feni ikavuma kidogo kidogo, kidogo, ikakata.

Nasema kweli, ilikuwa kama mtu amekata roho mbele yetu.

Halafu mlango ukafunikwa na kivuli. Mama akageuka, akatupa kikombe chini. Mlangoni alikuwa amesimama yule mzee. Urefu ule ule, koti lile lile la kahawia tulilomzoea nalo, shingo imekunjwa chini ya fremu, ukungu umemzunguka miguuni huoni anakanyaga wapi. Nywele zangu zilisimama, na hapa nimesema sina chumvi.

"Shikamoo baba," kikasema kile kitu, kwa sauti ya kike.

Alikuwa yule binti yake wa Kitulo. Koti alipewa na mzee wakati wa baridi iliyopita. Mama akakaa chini pale pale kwenye vigae vya kikombe.

"Marahaba mwanangu, pole," baba akasema. "Ingia."

Hakuingia. Akasema palepale mlangoni, "Sitaki shamba, sitaki ng'ombe. Nimekuja kuomba kitu kimoja. Kesho nisomwe. Niitwe nikaweke shada kama wenzangu, basi. Nimekwenda pale msibani, kaka mkubwa ameniambia ameshaandika mwenyewe, watoto sita, kama kuna karatasi nyingine ilete."

Baba akaweka mkono juu ya blanketi. "Karatasi imo humu. Alisema mwenyewe."

"Naweza kuigusa?"

Akapiga hatua mbili, akaingiza kiganja chini ya blanketi, akaliwekea kasha mkono kama unavyomgusa mgonjwa kwenye paji la uso. Akasema polepole, "Bado ana joto."

Hakusema ina. Alisema ana. Mama akatoka nje akidai anakwenda kuangalia mbuzi, na sisi mbuzi hatukuwa nao.

Baba akaniangalia. Hakunikumbusha ahadi yangu, na afadhali angenikumbusha. Mimi mfuko wangu siku hiyo ulikuwa na hewa tu. Stendi nilikuwa na gunia mbili za viazi hazijapata mteja, na nyumbani nilikuwa na redio. Bajeti yote ya kumfufua huyo ndani ya kasha ilikuwa ni hiyo: viazi na redio. Nikambeba kasha na blanketi lake begani, redio kwapani, baba akabeba printa, hao twende Njombe, kuna fundi.

Stendi tukampata dereva mmoja wa lori la mitumba anapeleka Songea, mtu wa Tanga, Mwislamu safi, ana nyimbo kwenye gari zinazosikika toka mkoa mwingine. Akaniona natoka kwenye ukungu na kitu kimeviringishwa blanketi, kina urefu wa mtoto, na mzee nyuma yangu kainamisha kichwa. Akazima muziki mwenyewe. Akasema, "Innalillahi. Pandeni, pandeni mbele." Viazi vyangu akavirusha nyuma bila kuuliza nauli.

Njia nzima tunatembea ndani ya pamba. Huoni mbele, huoni nyuma, taa zinarudi machoni. Mimi nimepakata. Kila tukipunguza mwendo penye watu, wanaliona blanketi, wanaume wanavua kofia, wanawake wanashika vichwa. Mama mmoja akasogea dirishani, akachungulia, akaniambia, "Pole baba, Mungu alimpenda zaidi." Nikasema asante. Ungesema nini wewe?

Dereva akashindwa kuvumilia. "Mzee wangu, ni mjukuu?"

Baba akajibu taratibu, "Hapana. Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na mbili."

Dereva akalitazama lile blanketi, akatazama barabara, akalitazama tena. Akaanza kuomba dua chini chini. Na mimi wakati huo nasikia kitu kwenye mapaja yangu. Kila lori likiruka shimo, ndani ya kasha kinalia *kwa kwa kwa*, kama mtu anagonga kwa kidole kimoja afunguliwe. Nikajiambia ni kijiti. Kijiti gani kinagonga mara tatu tatu?

Njombe tukashuka, dereva akataka kutusaidia kubeba, blanketi likafunguka, waya ukaning'inia. Akaukodolea macho.

"Hii nini?"

"Kompyuta," nikasema.

"Kilomita zote hizi nimekaa bila nyimbo, nimesoma dua mpaka koo limekauka, kwa ajili ya televisheni?"

"Siyo televisheni, kaka. Ndani yake kuna maneno ya mzee aliyekufa leo, na kesho yanatakiwa kaburini."

Akaturudisha blanketi kwa mikono miwili, kwa adabu. "Basi dua haikupotea." Akakataa nauli, akaondoka, na sikusikia muziki mpaka gari ilipomezwa na ukungu.

Fundi alikuwa mama mmoja mnene, zamani fundi redio, amevaa kofia ya sufu na glavu zilizokatwa vidole. Akafungua kasha. Akachungulia. Akaingiza kijiko. Akatoa masizi, kijiko cha kwanza, cha pili, cha tano. Akatoa pamba za blanketi. Akatoa punje za ulezi, na kiota cha panya, na kifungo cha shati la baba kilichopotea mwaka juzi; ndicho kilichokuwa kinagonga.

"Mlikuwa mnafanyia nini hii mashine? Mnaikaanga?"

"Ilikuwa inasikia baridi," nikasema.

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. "Mwanangu, mashine hii inataka baridi kuliko samaki. Baridi haikuigusa. Ilikuwa imechoka tu, inachelewa kuamka, na nyie kila siku mnaipikia mkaa na kuiziba pua kwa blanketi. Mmeiua kwa mapenzi."

Baba akavua kofia. Nilimwona ameumia.

"Na maneno yaliyomo?" akauliza.

Fundi akachomoa kitu kimoja bapa, kizito, ukubwa wa sabuni ya mche iliyokatwa. "Yakiwepo, yatakuwa humu. Hii inaitwa diski. Mnataka kompyuta mpya?" Akataja bei. Ukibadilisha kwa viazi ni lori zima na turubai lake. Nikamwonyesha gunia zangu mbili, nikaweka na redio juu. Akaitikisa redio, akaisikiliza sikioni, akaguna. Akaenda nyuma ya pazia, akarudi na kasha la mtumba, la ofisi moja iliyofungwa, limechubuka ubavuni, tupu, halina diski. "Hili tutalitia diski ya mzee. Mwili mwingine, roho ile ile. Mkiweza kulala nalo nyumba moja, lichukueni."

Nikasema tutaweza.

Akaunga waya zake na kioo chake, akaunga printa yetu, akachomeka. Ilikuwa saa tisa mchana lakini ukungu umebana dirisha, ndani kama jioni. Kioo kikawaka. Fundi alikuwa bado hajagusa kitu, naapa, mikono yake yote miwili alikuwa anaipuliza. Baba alikuwa kwenye kiti. Mimi nilikuwa ukutani. Printa ikavuta karatasi yenyewe, ikaanza kuchapa.

*Krii. Krii. Krii.* Karatasi inatoka polepole kama ulimi. Mimi kusoma nasoma kwa kupapasa, lakini mstari wa kwanza niliusoma wote: *Umeshaanza? Haya, mimi naanza kusema.*

Nilijikuta nje. Sijui nilitokaje, mlango ulikuwa umefungwa, labda nilipita ukutani. Hiyo ya ukuta ni chumvi. Fundi akaniita nirudi, akanieleza kwamba kazi baba aliyoiamuru asubuhi ilikuwa imekaa foleni kwenye diski inangoja printa, ilipoamka ikaendelea na zamu yake. Haya, foleni. Mbona baba mwenyewe alikuwa ameinuka kwenye kiti? Na mbona printa ilipomaliza mstari wa mwisho, ule ule wa mwisho, umeme ukakatika Njombe nzima? Kioo cheusi, feni kimya. Karatasi nne zimelala kwenye meza, zina joto.

Yule mzee alisema akinyimwa atakuja kuyachukua mwenyewe. Mimi naliacha hapo.

Mgao ukatufuata mpaka Makambako. Mashine yetu mpya ya mtumba tukaipandisha mezani, hakuna umeme wa kuiwasha. Baba hakuweza kuchapa safi. Akakaa na penseli na daftari, akasafisha kwa mkono wake, mwandiko wa karani, mzuri kama kadi ya harusi: marehemu alizaliwa, marehemu alibatizwa, marehemu ameacha watoto saba. Asubuhi tukaenda Kitandililo.

Ukungu ulikuwa umekaa msibani kabla yetu. Watu wengi, huwaoni, unaona makofia tu yanaelea. Bibi mjane amekaa kwenye mkeka mbele, mdomo umefungwa. Waliniambia tangu mzee akate roho hajasema neno hata moja, hajalia. Watoto sita kwenye benchi la mbele. Binti yuko nyuma kabisa, karibu na mianzi, amesimama, maana viti vimekwisha kila alipotaka kukaa.

Baba akampa kaka mkubwa lile daftari. Kaka akalifungua, akasoma mpaka kwenye saba, akalifunga.

"Mzee, heshima yako naijua. Lakini haya umeandika wewe, tena kwa penseli, jana. Baba yangu alisema kwenye mashine. Iko wapi ya mashine?"

"Ya mashine ipo," baba akasema, "lakini bado haijasafishwa."

"Mimi nataka isiyosafishwa! Iliyosafishwa ndiyo inayotiwa watoto!"

Watu wa karibu wakaguna. Baba akatoa zile karatasi nne kwenye koti. "Chukua. Ila kama mnataka isiyosafishwa, isomwe yote. Neno lisiachwe."

"Neno lisiachwe," kaka akasema, mbele ya watu.

Karatasi akapewa mzee wa kanisa, ambaye ni msomaji wa misiba yote ya pale. Huyo ana sauti nzito, na akianza kusoma hatazami pembeni, ni kama treni ya mizigo, mpaka kituo. Akavaa miwani. Watu wakasimama. Akasoma:

"Umeshaanza? Haya, mimi naanza kusema. Leo naona mmekuja wengi."

Ungeweza kusikia umande unadondoka kwenye mabati. Sauti ni ya mzee wa kanisa, maneno si yake. Mwanamke mmoja akashika mkono wangu, simjui mpaka leo.

"Naona kuna baridi na ukungu. Mkubwa wangu amekunja mikono kifuani, anadhani mimi simwoni."

Watu wote wakageuka. Kaka mkubwa alikuwa amekunja mikono kifuani. Akaiachia kama imeshika moto. Mzee wa kanisa jasho linamtoka kwenye baridi ile, lakini treni haisimami. Akasoma kuzaliwa, akasoma ubatizo, akasoma ng'ombe wa Kitulo, kila ng'ombe na tabia yake. Jeneza lipo pale, na linaongea.

"Sasa watoto. Andika saba. Usinitazame hivyo, andika saba. Sita wamekaa mbele. Wa saba amesimama nyuma, maana najua hawatampa kiti. Amevaa koti langu. Msimwogope, siyo mimi, amenichukua urefu tu."

Vichwa vikageuka tena, vyote, polepole. Ukungu ukawa umefunguka kidogo pale penye mianzi. Alikuwa amesimama na lile koti la kahawia, mrefu, machozi yanamtoka bila sauti. Hakuna aliyejua afanye nini. Benchi la mbele wamekuwa mawe. Ukisogea unakubali, ukikaa unabishana na maiti. Mzee wa kanisa naye amekodolea karatasi, midomo inacheza, nikajua amefika mahali pagumu. Akamtazama baba. Baba akamwambia kwa sauti ndogo, "Neno lisiachwe."

Mzee wa kanisa akasoma kwa sauti ile ile ya ibada:

"Hebu tusimame hapo kwanza, koo limenikauka. Chai iko wapi?"

Jamani, jeneza lile limeomba chai, mbele ya mchungaji, mbele ya kwaya! Tumesimama pale watu mia tano, tunatazamana, na nadhani nusu yetu tulikuwa tunasubiri kuona kifuniko kinainuka.

Ndipo yule bibi mjane, ambaye hajasema neno tangu jana, akainuka kwenye mkeka. Akageuka nyuma, akanyoosha kidole mpaka kwenye mianzi, akafoka kwa sauti ya mtu aliyechemsha chai miaka arobaini:

"Na wewe mrefu! Umesimama tu huko kama nguzo ya umeme, hujamsikia baba yako anataka chai?"